Kubebesha plamu kwenye shina la pichi, tunda linabadilika?

mkulima_lushoto: Wadau naombeni msaada, nataka kubebesha plamu (kuunga kikonyo chake) juu ya miche ya pichi ya mbegu, sasa jirani ananambia eti plamu zitakuja na ladha ya pichi, kweli hii?

babu_miche: Anazingua tu mkuu 😂 ladha ni ya aina uliyobebesha juu. Ila ukubwa, rangi na sukari shina la chini linagusa, maana ndo linaamua maji yapande kiasi gani na mti uwe na nguvu kiasi gani, ukizidi nguvu unatoa majani matupu, kivuli kinajaa na matunda ya ndani hayakolei rangi wala sukari. Plamu za Kijapani kwa kawaida zinashika kwenye pichi.

mama_shamba: Na msikimbilie mashina ya kufupisha mti! Shina la Pixy linafupisha plamu kweli lakini matunda huwa madogo, lazima uyapunguze mapema.

babu_miche: Kweli mama. Mkuu, shamba lako maji yanatuama? Pichi haitaki kabisa, hapo shina la Myrobalan (aina ya plamu) linavumilia zaidi. Kama shida ni minyoo fundo (ile inayovimbisha mizizi), tafuta Nemaguard, shina la pichi linaloistahimili.

mkulima_lushoto: Bondeni yanatuama, juu hapana. Basi pichi naziweka juu, shukrani wakuu