Wakuu naomba ushauri: wafalme wa Uajemi wasingeanguka, ukoo wao ungefika mpaka lini?

Mtunzi Mchovu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa simulizi, naandikaga kwenye magrupu, sasa kuna moja imenikwama wiki ya pili hii hata usingizi sipati. Nimechukua wale wafalme wa mwisho wa Uajemi kabla ya Uislamu, Wasasani, walioanza na Ardashir mwaka 224 wakaishia kwa Yazdigirdi wa tatu, yule aliyeuawa kwenye kinu cha kusagia nafaka kule Merv 651. Kwangu mimi hawaishii hapo. Mwanawe Peroz aliyekimbilia China anarudi na jeshi, anakikalia kiti, anazaa, ukoo unaendelea na dini yao ileile ya Zoroasta, moto hauzimwi, mpaka kama mwaka 1000 hivi, halafu tawi moja linapanda jahazi kuja huku kwetu. Sasa nimefika kwa mjukuu, majina yamekata, na tarehe zinagongana, kuna mfalme nimepiga hesabu nikakuta amezaa akiwa na miaka saba. Mwenye kujua anisaidie wangewezaje kufika hiyo 1000, na majina ya kifalme ya ukweli kama kumi hivi. Ni ya haraka kidogo, kabla ya Ijumaa. Nawasilisha.

Kipanga wa Ilala
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

Mama Tatu Bora
Mbona rahisi mdogo wangu, fungua Biblia, Koreshi yupo, Dario yupo, Ahasuero mume wa Esta yupo, majina unayapata bure kabisa. Na wale mamajusi waliompelekea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane inasemekana walikuwa wa dini hiyohiyo unayoisema. Ila kabla hujaandika jiulize kwa nini Mungu aliuondoa ule ufalme, vijana mnapenda kufufua vitu ambavyo Mungu ameshavizika.

Chumvi ya Kale
Mama, hao ni Waajemi wa zamani zaidi, Koreshi na Ahasuero ni ukoo mwingine, Aleksanda aliufuta miaka zaidi ya 500 kabla ya Ardashir.
Mleta mada, wewe unaanzia 651, mgonjwa ameshakata roho ndio unaita daktari. Anzia 628. Kisra Parviz (ndio, huyohuyo wa kwenye sira aliyeichana barua ya Mtume) amepigana na Warumi miaka 26, hazina imekauka, mwanawe Sheroe akampindua na kumuua, halafu akawageukia ndugu zake wa kiume akawafyeka. Miezi michache tauni ikambeba na yeye. Kuanzia hapo ndani ya miaka minne kiti kinabadilishwa kama konda wa daladala, akawekwa mtoto wa miaka saba, akaja jenerali asiye hata na damu ya kifalme, wakaja wanawake wawili, Boran na Azarmidokht, mabinti wa Kisra. Yazdigirdi anavishwa taji 632 bado kijana mdogo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumvisha. Wakaja Waarabu Waislamu, kwenye vita vya Qadisiya kamanda wao Rustam akafa, vita vya Nahavand 642 mchezo ukaisha. Kwa hiyo ukitaka ukoo mrefu mzuie Sheroe asiue ndugu zake, utakuwa na amu na mabinamu wa kukutosha mpaka uchoke.
Na wala huna haja ya China. Kuna waliobaki kweli. Tabaristan, kusini mwa bahari ya Kaspi, nyuma ya milima ya Alborz, ukoo wa Dabuya walitawala wakiwa Wazoroasta mpaka karibu 760, zaidi ya miaka mia baada ya Yazdigirdi kuuawa. Sarafu zao ziliendelea na mtindo uleule wa Kisasani, upande mmoja mfalme na taji lake, upande wa pili madhabahu ya moto na walinzi wawili. Wa mwisho wao, Khurshid, aliposikia familia yake imetekwa akanywa sumu. Andika hiyo.

Mtunzi Mchovu
Aisee mkuu Chumvi ubarikiwe sana. Tatizo kubadilisha kuanzia 628 haiwezekani, Peroz ameshatoka, imeshachapwa.

Fundi Redio
Imechapwa wapi wakati umesema ni ya magrupu? Na simulizi gani hii ina mwisho wa Ijumaa?

Mtunzi Mchovu
Ni A3 moja tu mkuu, sio kitabu.

Fundi Redio
Simulizi ya A3. Haya.

Ustadhi wa Tandika
Assalaam alaykum. Ndugu yangu unatumia nguvu nyingi kuwatukuza waabudu moto, hili si jambo jema. Majusi wametajwa ndani ya Suratul Hajj, na dola yao ilianguka kwa qadar ya Mwenyezi Mungu. Andika kuhusu masahaba. Salman al-Farsi mwenyewe alikuwa mtoto wa Majusi, kazi yake ilikuwa kuuchunga moto usizimike, akaacha raha za kwao akaenda kuitafuta haki mpaka akauzwa utumwa. Hiyo ndiyo simulizi.

Chumvi ya Kale
Ustadhi kwa heshima zote, wao wenyewe wanasema hawauabudu moto, wanasali wakiuelekea kama nuru ya Ahura Mazda. Ule wa Yazd kule Iran wanasema haujazimika tangu mwaka 470.

Mkulima wa Kiembesamaki
Mmenikumbusha Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ndio Nairuzi yenyewe hiyo, mwaka mpya wa Kiajemi. Mwaka mmoja nikajitia kidume nikaingia kwenye kupigana kwa migomba, wenyewe wanasema ni kutoleana vinyongo vya mwaka mzima, mimi sina kinyongo na mtu nimekuja kuangalia tu, jamaa akanishushia bua la mgomba la jicho nikaona nyota saa saba mchana. Wakati wanakichoma kile kibanda na mtu anatoka mbio ndani mimi nipo chini ya mwembe nawekewa maji na dada mmoja anaimba matusi huku ananihurumia. Ndiye mama watoto wangu sasa. Kwa hiyo hao Waajemi nawaheshimu sana, sijui walifanyaje lakini nawaheshimu.

Kipanga wa Ilala
😂😂 huu uzi unaelekea wapi

Da Mwantumu
Mimi nimesoma hapo "tawi moja linapanda jahazi kuja huku kwetu". Huku kwetu wapi, na anayeipokea hiyo A3 nani? Kaka wewe hujaulizia simulizi. Sema yote usaidiwe au nyamaza.

Mtunzi Mchovu
Sawa. Nina kasteshenari kangu Buguruni, kuchapa, kutoa kopi, lamineti. Nimechumbia binti wa kusini Unguja. Tulivyopeleka posa babu yake akauliza kijana ni wa ukoo gani. Mimi Mnyamwezi, ukoo wangu naujua mpaka kwa babu yake babu, zaidi ya hapo ni msitu. Mzee akasema wao ni Washirazi, asili yao Uajemi, shajara ya ukoo alikuwa nayo marehemu baba yake lakini mchwa waliila. Alivyosema hivyo sauti ilishuka wakuu. Nikasikia mdomo wangu unasema babu mimi nitaitafuta kwenye intaneti.
Ndio nikatengeneza. A3, rangi, mpaka wa dhahabu pembeni, juu simba na jua, lamineti nzito ya maikroni 250. Inaanzia Yazdigirdi, Peroz, Narsi mwana wa Peroz, halafu pale katikati nikaweka nukta nukta nikamwambia karatasi ya asili ilichanika, halafu inamalizia kwa majina aliyonitajia yeye. Alipofika kwa jina la baba yake alilipapasa na kidole kama kipofu anavyosoma. Sasa anataka hizo nukta zijazwe, isomwe Ijumaa baada ya kufungishwa ndoa.

Da Mwantumu
Na mahari?

Mtunzi Mchovu
Mahari inahusianaje

Da Mwantumu
Kaka.

Mtunzi Mchovu
Walikuwa wamesema milioni mbili. Baada ya shajara mzee mwenyewe akasema laki tano inatosha, huyu ni mtu wa kujua thamani ya ukoo. Sikuomba mimi!!

Fundi Redio
Yaani umeghushi ufalme ukapata punguzo la milioni moja na nusu.

Mtunzi Mchovu
Sijaghushi, Yazdigirdi alikuwepo, Peroz alikuwepo, Narsi alikuwepo. Mbona historia ya kale ya Kilwa inasema Ali bin Hassan alitoka Shiraz na watu wanafundishwa shuleni? Na vipimo vya vinasaba vilivyotoka 2023 si vimeonyesha wazee wa pwani walikuwa na damu ya Kiajemi upande wa baba? Mimi nimeunganisha tu.

Chumvi ya Kale
Vinasaba vimeonyesha Waajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika wa hapahapa kuanzia kama mwaka 1000, sawa. Havijasema ni watoto wa Kisra. Wengi tu wanaweza kuwa wafanyabiashara, na Mwajemi wa pwani wa 1000 uwezekano mkubwa alishakuwa Mwislamu, ndio maana nakuuliza, hao wafalme wako wa Zoroasta umewaandikia dini gani kwenye shajara?

Mtunzi Mchovu
Sijaandika dini.

Chumvi ya Kale
Mobadan mobad, mkuu wa makuhani wao, umemwandikaje?

Mtunzi Mchovu
...Kadhi Mkuu.

Chumvi ya Kale
Hekalu la moto?

Mtunzi Mchovu
Msikiti wa Taa.

Ustadhi wa Tandika
Innalillahi.

Kipanga wa Ilala
Nimetoa mkojo kwa kucheka, Msikiti wa Taa 😂😂😂

Mtunzi Mchovu
Chekeni tu. Kuna mjomba wa bibi harusi anatua Alhamisi kutoka Muscat, nasikia ameishi Bandar Abbas na Kiajemi anasoma. Ndio maana nataka majina ya ukweli. Na Ustadhi amenisaidia bila kujua, kama Salman al-Farsi baba yake alikuwa Majusi basi babu hata akijua sio aibu.

Ustadhi wa Tandika
Usinitie kwenye dhambi yako. Salman alisema ukweli kuhusu baba yake, wewe umemvalisha Majusi kilemba.

Baharia Mstaafu
Kijana mimi nilishaoa kwa uongo. Niliwaambia ni injinia wa meli, nilikuwa napaka rangi. Mwaka wa tatu baba mkwe akanunua boti ya mashine akanipigia njoo uitazame injini. Sisemi zaidi.

Mkaa Upande
Samahani wakuu mnaomhurumia huyu, hii ni CHAI. Nimeingia kwenye nyuzi zake za nyuma, mwaka jana huyuhuyu alikuwa mwalimu Songea amerithishwa kaburi lenye dhahabu ya Wajerumani, akafika mahali patamu akasema sehemu ya pili njooni inbox kwa buku mbili. Leo ana steshenari Buguruni. Amewaambia mwanzo kabisa yeye ni mtunzi! Anakusanya mawazo bure, Chumvi umemwandikia sura tatu bila malipo.

Kipanga wa Ilala
Dah. Kweli hii chai, na tangawizi wameweka.

Fundi Redio
Nilihisi tangu kwenye maikroni 250. Mtu mwenye presha hakumbuki maikroni.

Da Mwantumu
Mtu wa lamineti anakumbuka maikroni kuliko birthday ya mamake. Mimi hapo ndio nimemwamini.

Mama Tatu Bora
Iwe kweli iwe chai amrudishie mzee hela yake.

Mtunzi Mchovu
Ile ya Songea ilikuwa simulizi na niliandika kabisa simulizi. Hii ni maisha yangu. Mnataka nini, niweke cheti cha posa?

Mkaa Upande
Uzi bila picha ni batili.

Mtunzi Mchovu
[picha] Majina ya chini nimeyafunika.

Kipanga wa Ilala
Kumbe ipo!! Imetundikwa kabisa, pembeni kuna kalenda ya duka la simenti na saa imesimama.

Mkaa Upande
Kuchapa A3 hata mimi naweza. Siwezi kushawishika na kalenda.

Chumvi ya Kale
Simba na jua sio alama ya Wasasani, ilikuja karne nyingi baadaye. Bendera yao ilikuwa Derafshi ya Kaviani, inasemekana ilianza kama ngozi ya fundi chuma. Na hapo umeandika Peroz kazaliwa 661, huo ndio mwaka China ilimtangaza mkuu wa eneo la Uajemi, hakuzaliwa mwaka huo, angekuwa amezaliwa miaka kumi baada ya baba yake kuuawa. Mtu wa Muscat ataanzia hapo.
Na mkuu, hata China wenyewe walishindwa. 679 jenerali Pei Xingjian alitumwa amrudishe Narsi kwao na jeshi, alipofika katikati ya njia akawapiga Waturuki aliokuwa anawawinda tangu mwanzo, akageuza. Narsi akaachwa Tukharistan (kaskazini mwa Afghanistan ya leo), akahangaika kama miaka ishirini, akarudi China akafia huko. Baba yake, Peroz, ana sanamu kwenye kaburi la mfalme wa Tang, ukoo uliokuwa unatawala China, kati ya zile 61 za wageni zilizosimama makundi mawili. Nyingi hazina vichwa.

Da Mwantumu
Kaka nenda kwa babu kabla mjomba hajatua. Usiende na mshenga, nenda mwenyewe, asubuhi, mzee akiwa amekunywa chai yake. Sisi wazee wetu wanasamehe aliyekuja mwenyewe, aliyeletwa hawamsamehe. Hizo milioni na nusu mwambie utazileta kidogo kidogo. Na hiyo karatasi usiing'oe ukutani, muulize yeye.

Mkaa Upande
Da Mwantumu unamshauri mhusika wa simulizi.

Da Mwantumu
Basi amwambie na yeye.

Mtunzi Mchovu
Nimewaelewa wote, asanteni. Da Mwantumu umeniingia sana, kesho nachukua boti ya saa moja asubuhi niende nikamwambie mzee.
Ila kwa haraka tu mkuu Chumvi, huyo Narsi, hiyo miaka ishirini yote alivyokuwa Tukharistan, hawezi kuwa alioa?

Kipanga wa Ilala
Mods fungeni 😂