Tupeane uzoefu: Wenge ilipopasuka, wewe ulibaki upande gani?

YAYA WA NYAWERA
Wana Bukavu, na ninyi wa Goma, Uvira na Lubumbashi mliomo humu, leo tuache siasa kidogo. Mwishoni mwa 1997 orkestra ya Wenge Musica ilipasuka kule Kinshasa. Mwimbaji JB Mpiana akabaki na jina la BCBG. Mwimbaji mwenzake Werrason, yaani Werra, akaondoka na Didier Masela na Adolphe Dominguez, yao wakaiita Maison Mère. Mobutu alikuwa ameshakimbia tangu Mei, sisi huku tulikuwa bado tunaulizana nani amerudi na nani hajarudi, ila nguvu za kununiana kwa ajili ya orkestra ya Kinshasa zikapatikana tu.

Mimi ni wa JB. Ukiniuliza kwa nini, nina maneno mengi: sauti, mpangilio, namna anavyoupeleka wimbo pole pole kabla sebene, ile sehemu ya magita na kucheza, haijafunguka. Lakini tuseme kweli. Radio-kaseti ya nyumbani ilikuwa ya yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, na yaya alikuwa wa JB. Angekuwa wa Werra, leo mngenisoma hapa nikimsifu mfalme wa msitu. Naona hakuna aliyechagua. Mwenye pesa ya mawe ya redio (betri) ndiye aliyewachagulia wengine wote nyumbani. Nipingeni, lakini kwa visa, si kwa matusi.

MAMA SAMBAZA, KADUTU
Yaya, hapo umesema nusu. Ngoja nikupe ya ndoa ya mdogo wangu wa kike, mwaka 2001. Sisi nyumbani wote JB. Wakwe zetu wa Bagira wote Werra, hata babu yao. Mambo ya ng'ombe tulielewana haraka, wazee wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakacheka. Kilichotushinda ni kaseti. Kamati ya ndoa ikakaa, ikaandika karatasi: wimbo mmoja wa huku, mmoja wa kule, na wa kukata keki uwe wa mzee Tabu Ley, asiye wa Wenge yoyote, mtu yeyote asionewe.

Siku yenyewe ikaenda vizuri mpaka zamu yao. Sebene imeanza, bwana arusi ameshika kiuno, kurani (umeme) ikakatika. Kimya. Jenereta ikavutwa kamba, ikavutwa tena, ikawaka. Mtu wa muziki, maskini, akaweka wimbo uliofuata kwenye karatasi, yaani wetu. Baba mkubwa wao akasimama katikati ya ukumbi na karatasi yake mkononi (kumbe kila upande ulikuwa na nakala!) akasema zamu yao haijaisha, kwa sababu gita la solo lilikuwa halijaingia. Akasema taratibu kabisa, kama anasoma hukumu. Ikabidi kaseti irudishwe nyuma, na watu wote wamesimama na sahani zao wakisikiliza ule mlio wa utepe unaorudi, wiiii, mpaka pale solo ilipokuwa karibu kuingia. Ndipo tukaendelea kula.

Kwa hiyo usiniambie ni mawe ya redio. Bagira nzima haikuwa na radio-kaseti moja tu.

KIJANA WA ESSENCE
Shikamoo mama, nimecheka hapa ofisini watu wananitazama. Mimi naona ni karitiye (mtaa). Ibanda walikuwa JB, Kadutu na Panzi wakawa Werra. JB alikuwa wa watu waliopiga pasi. Werra alikuwa wa vijana wa sokoni, wa mabondia, wa watoto wa mitaani, hata kule Kinshasa kwao watu walimwona hivyo.

MAMA SAMBAZA, KADUTU
Mwanangu, mimi nauza samaki Kadutu tangu hujazaliwa na ni wa JB. Hiyo ramani yako uirudishe Ibanda.

MPIGA SOLO, PANZI
Ninyi mnabishana juu ya waimbaji. Mimi nilikwenda kwa Werra kwa ajili ya mtu mmoja: Flamme Kapaya, mpiga gita wake wa solo. Wala sikujua sura yake. Nilijua vidole tu.

Gita langu lilikuwa la mbao za sanduku, nyuzi mbili za kununua, nyingine waya wa breki ya baiskeli niliouchambua. Kujifunza sebene kwa kaseti si kazi ndogo, maana yule bwana hakai mahali pamoja. Unasikia, unarudisha, unasikia, utepe unatoka nje, unauingiza kwa kalamu ya biki. Halafu nikagundua jambo. Mawe yakianza kufa, kaseti inakwenda pole pole, na ile mistari ya gita inafunguka, kila noti unaiona inapita. Nikawa sinunui mawe mapya. Naazima kwa jirani yaliyochoka, yale wanayoyaanika juani ili yapate roho kidogo, na kazi yangu naifanyia hapo.

Shida ni kwamba kaseti ikienda pole pole inashuka chini pia. Mimi nimejifunza yote huko chini. Nilipoingia orkestra ya hapa karitiye, mwimbaji wetu, kijana mwenye sauti nyembamba kama ya kinanda, ilibidi ashuke huko nilipo, akawa anaimba kama padri mzee kwenye matanga. Watu wakapenda! Wakasema tuna staili yetu.

Yaya wa Nyawera, kuhusu mawe ya redio, mimi nitakuunga mkono lakini kwa sababu tofauti na yako.

MZEE WA RUZIZI
Mnasahau kaseti zilifikaje. Agosti 1998 vita ya waasi wa RCD ilianza, na Goma na Bukavu tukawa upande mmoja, Kinshasa na Lubumbashi upande mwingine, mpaka 2003. Ndege za Kinshasa zilisimama. Lakini nani aliwahi kukosa wimbo mpya? Mimi nilikuwa nafanya biashara ya kuvuka. Kaseti zilikuja kupitia Nairobi na Kampala, zikashuka Kigali, zikafika Kamembe upande wa Rwanda, mimi nazipokea hapo na kuvuka nazo mpaka wa Ruzizi ya kwanza, kwenye kikapu chini ya nguo za mitumba. Hazikuwa marufuku. Niliziweka chini kwa sababu ukionyesha kaseti mpya mpakani kuna askari atakwambia "acha moja nisikilize", na hutaiona tena.

Basi sikilizeni neno la mfanyabiashara. Nilileta za pande zote mbili, na ilivyokuja ndivyo mji ulivyopenda. Mwezi ambao Nairobi walikuwa na JB tele, Bukavu ikawa ya JB. Mwezi uliofuata Werra amejaa, watoto wakageuka. Mnajiita mashabiki, ila mimi niliwaona kama stoo yangu.

YAYA WA NYAWERA
Mzee, shikamoo. Kumbe na yaya wangu naye alichaguliwa na wewe! Sasa nani alikuchagulia wewe?

MZEE WA RUZIZI
Marahaba. Mimi ni wa Franco wa OK Jazz. Alikufa Oktoba 1989, tangu hapo sijaongeza mtu.

BIRERE WA ZAMANI, GOMA
Mimi nilikuwa na boksi la kaseti, nimeliandika juu kwa wino mwekundu MAISON MÈRE PEKEE, ili mdogo wangu asichanganye na zake. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikashuka. Moto ulipita mtaa wetu wa Birere, ukateremka mpaka ziwani. Tulikimbilia Gisenyi na godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa mawe meusi bado yana joto ukiweka mkono.

Mdogo wangu alikuwa ameokoa kaseti moja, aliiweka mfukoni siku hiyo kwa bahati. Ya JB. Tulikaa miezi kwenye hema tukisikiliza JB, kwa radio ya watu wengine, maana ndiyo kaseti iliyokuwepo. Nilikasirika wiki za mwanzo, halafu nikaanza kuijua. Kuna mahali sauti za nyuma zinaingia moja moja kama watu wanaofika kwenye kilio, kila mmoja na machozi yake. Werra hana hiyo. Mpaka leo mbele ya watu mimi ni wa Werra, sitaki maneno.

MWALIMU WA DAFTARI
Nani alikuwa na daftari la nyimbo? Sisi shuleni tulinakili maneno yote, Kilingala tukikiandika jinsi sikio linavyosikia, na mabanga yote ndani, yaani yale majina yanayorushwa katikati ya wimbo: majina ya matajiri wa Kinshasa, wa Brussels, wa Paris, wenye maduka, wenye magari. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, nayajua majina ya watu wenye hela Ulaya kuliko majina ya mababu zangu. Mwenye daftari safi alikodishia wenzake kwa karanga.

Nikiwa mkubwa ndiyo nikaanza kuchoka nayo. Wimbo wa mapenzi, mtu analia, ameachwa, mara katikati ya machozi anamsalimia mtu mwenye duka la vipuri. Kaeni basi tulie kwanza! Pande zote mbili walifanya, na hapo sioni wa kumtetea. Ila nakiri atalaku (warusha majina na kelele za sebene) wa Maison Mère, wanaojiita Bill Clinton na Celeo Scram, walijua kulitupa jina likaingia kwenye ngoma kama limezaliwa humo.

WA KATUBA, LUBUMBASHI
Siye huku hatukukatwa na Kinshasa wakati wa vita, kaseti tulipata mapema kuliko ninyi, na bado nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa Wenge. Baba alifanya kazi mgodini, kwake gita lilianza na kuishia kwa Mwenda Jean Bosco. Mtu mmoja, gita moja, kidole gumba na cha shahada, anaimba Kiswahili chetu na unasikia kama wako watatu. Mwaka 1952 mrekodi muziki Hugh Tracey alikuja kumrekodi huku Katanga, nyimbo zikaenda mpaka Kenya, vijana wa huko wakaiga. Baba akisikia sebene ya dakika kumi alikuwa anauliza: hawa wote ishirini wanasaidiana nini?

Namheshimu baba, lakini pamoja na heshima hiyo, Mwenda huwezi kumcheza kwenye arusi. Wazee wanatikisa kichwa tu, chakula kinapoa.

MPIGA SOLO, PANZI
Mukubwa wa Katuba, nimejaribu kupiga Mwenda. Mawe yaliyokufa hayasaidii hapo. Hata pole pole huoni gumba linafanya nini.

KITINDA MIMBA
Mimi nimezaliwa 2004, nisameheni. Ninyi wote mnaongea kama watu waliotengana na mke. Mimi nasikiliza kwenye simu, leo Fally Ipupa, kesho Ferre Gola, kesho kutwa Innoss'B wa Goma, hakuna anayeniuliza ni wa nani. Tarehe 30 Juni 2022 walipoungana tena pale Stade des Martyrs, Kinshasa, Werra na JB jukwaa moja, baba yangu aliacha kazi akakaa na simu yangu mpaka chaji ikaisha. Nilidhani atafurahi. Akanirudishia simu, akasema: "Umeona? Werra amekuja kwa JB." Mama akajibu kutoka jikoni: "JB ndiye aliyemfuata." Wamenuniana mpaka jioni.

MAMA SAMBAZA, KADUTU
Mama yako ana haki ya kusema anachotaka lakini hapo amekosea.

YAYA WA NYAWERA
Kitinda Mimba, huyo Ferre Gola wako alitoka Maison Mère 2004, mwaka uliozaliwa, na nyumba ngapi ziligawanyika tena siku hiyo! Muulize baba. Wa Zaïko mko wapi, mbona kimya? Orkestra yenu ni ya tangu 1969, imepasuka mara nyingi kuliko zote, ninyi ndio mna visa. Na wa Koffi Olomide msijifiche, nawaona mnasoma.