Ukoo Adelaide na Perth: safari ya Jumamosi na habari ya Baraka

Shangazi Rehema 18:41
Habari za jioni familia. Jumamosi twende uwanjani Adelaide Oval wote, Port Adelaide wanacheza AFL, ile ligi kuu ya mpira wa Australia, tukamwone beki wao Aliir kwa macho. Baraka anajiandikisha kwa drafti ya Novemba, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya, na kuna watu humu hawajawahi kuona hata mechi moja na ndio wenye maneno mengi. Nataka majina kabla ya saa tatu usiku ninunue tikiti, na msinijibu kwa dole gumba tu

Shangazi Rehema 19:20
Naona mmesoma. Watu kumi na moja mmesoma

Baba Mdogo Perth 19:33
Mimi huo mchezo wa papai siuelewi. Ukikosa katikati bado unapewa pointi moja!! Wapi duniani mtu analipwa kwa kukosa

Furaha 19:34
😂😂 baba mdogo wewe ungekuwa tajiri

Shangazi Rehema 19:41
Katikati ya zile nguzo mbili ndefu ni sita, pembeni ni moja, nilikufundisha Krismasi. Turudi kwenye mambo. Aliir Aliir kazaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi Kenya, palepale alipozaliwa Baraka. Mpira huu kaujua akiwa kijana tayari, huku huku Australia, Sydney wakamchukua drafti ya 2013 akiwa chaguo la 44 halafu akasota timu ya akiba mpaka 2016 ndio akacheza mechi kubwa ya kwanza. Mwaka huohuo wakaingia fainali kuu, yeye goti likaumia mechi moja kabla, akakaa pembeni anaangalia wenzake wakifungwa. Akaja Port mwisho wa 2020, na 2021 akaingia kikosi bora cha nchi nzima, kwa kudaka tu ile mipira ya juu kule nyuma. Sasa mtu asiniambie Baraka kachelewa ju ana miaka 17

Baba Mdogo Perth 19:58
Irankunda wa soka naye kazaliwa kambini Kigoma, akatoka hapohapo Adelaide akafika Bayern 2024. Baraka angebaki kwenye soka

Mama Baraka 20:15
Soka tena shemeji? Mlisema hivyohivyo kwa kakake. Mkachanga, mkapiga picha, yule wakala alipozima simu deni lilibaki kwa nani?

Baba Mdogo Perth 20:17
Hayo tuliyamaliza

Mama Baraka 20:17
Mliyamaliza nyinyi

Moise 20:22
jamani tunaenda na gari gani

Furaha 20:23
si ile ya Murray Bridge 😂😂😂

Moise 20:23
HAPANA 😂 bora nitembee

Shangazi Rehema 20:26
Watoto nyamazeni. Wifi yangu, huku hakuna wakala wa kutumiwa pesa. Klabu ziko 18, zinachagua kwa zamu, wakikuchagua wao ndio wanakulipa

Mama Baraka 20:31
Na wakimchagua Brisbane? Au Perth? Mtoto hachagui mji, anachaguliwa. Hilo hukulisema

Babu 21:10
Nimesomewa yote. Mwaka 2023 mlinikalisha mbele ya TV, Aliir akagongana vichwa na mwenzake wa timu moja, akarudishwa uwanjani bila kupimwa sawasawa. Klabu ikapigwa faini dola 100,000. Mimi usiku ule sikulala. Mnajua nimezika wangapi mpaka tukafika nchi hii. Baraka acheze, simkatazi. Lakini kichwa cha mtoto kina mama yake, na tikiti isinunuliwe wala jina lisiandikwe mpaka huyo mama aseme kwa mdomo wake. Jumamosi mje kwangu kwanza.

Shangazi Rehema 21:36
Tumesikia Baba.

Shangazi Rehema 21:44
Ila siku hizi kwenye AFL ukithibitika umetikisika ubongo unakaa nje siku 12 kwa uchache, ni sheria. Nasema tu ijulikane. Basi saa nne asubuhi kwa Babu, tikiti nazishikilia

Moise 22:50
ndo natoka kazini. mimi naja ila jezi nina ya Crows tu, wale wapinzani wa Port, wataniruhusu kukaa na nyinyi?

Baba Mdogo Perth 22:52
Mkifika kwa Baba nipigieni video

Mama Baraka 23:18
Niko shifti mpaka asubuhi. Kwa Baba nitafika, ya mpira sijasema kitu. Rehema, uje na sufuria yangu kubwa uliyochukua Pasaka