Mnaotengeneza mifumo bila kitufe cha "chagua wote", mnatutafuta nini?

Wakuu, leo sipaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niko ofisi ya utalii hapa Moshi, upande wa makaratasi. Orodha za watu wa mlimani ni zangu: waongoza watalii, wapishi, wapagazi. Wageni kumi wakipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame wanaweza kuwa na watu wetu zaidi ya thelathini nyuma yao, na Julai hadi Septemba makundi yanafuatana kama daladala za asubuhi. Sasa mfumo tuliouziwa (jina naliacha, wenyewe wanajijua) unamwaga majina yote kwenye ukurasa mmoja mrefu, kila jina na kisanduku chake. Tiki kimoja kimoja! Ukishika Shift ubofye cha kwanza na cha mwisho, wapi. Gmail inakubali hilo miaka nenda rudi.

Nikawapigia. Eti "ni kwa usalama, mtu asichague wote kwa bahati mbaya." Usalama gani? Anayekosea ni yule ambaye vidole vimekufa ganzi kwa kutiki, si aliyebofya mara moja akapitia majina akiwa na akili zake.

Nikaona isiwe tabu. Chrome au Firefox ya kompyuta ukibonyeza F12 unapata konsoli (pa kuuandikia ukurasa amri), na mstari mmoja wa JavaScript unatosha:

document.querySelectorAll('input[type=checkbox]:not(:checked)').forEach(k => k.click())

Hiyo :not(:checked) msiiache. click() inageuza hali tu, kwa hiyo vyenye tiki tayari vingefutika. Na wanaowaambia muandike checked = true, kwenye fomu za kizamani sawa. Kwenye kurasa hizi za kisasa tiki utaiona kwa macho, ila tukio la change (ile taarifa kwamba kisanduku kimebadilika) halirushwi, mfumo haujui kitu, ukihifadhi umehifadhi hewa.

Basi mambo yakawa shwari mpaka jamaa "walipoboresha". Siku hizi orodha inachorwa kwa vipande: zinazokuwepo kwenye ukurasa ni safu zinazoonekana kwenye kioo, ukishuka za juu zinaondolewa. Skripti inatiki hizo chache inaishia hapo. Mbinu yenyewe siipingi, maelfu ya safu kwa mpigo yangeua kompyuta zetu hizi. Lakini ukishaamua hivyo, "chagua wote" unaiweka wewe kwenye seva, maana njia ya mtumiaji umeshaiziba. Sasa inabidi skripti itiki, ishuke, isubiri, itiki tena, na mtandao ukiyumba kidogo inaruka majina. Wao wanaona ni safu imerukwa. Mimi namwona mpagazi yuko getini na mzigo wake asubuhi, jina halipo, hapandi, na posho ya safari nzima imekwenda.

Kilichonichefua zaidi ni cha wiki hii. Kuchagua wengi kwa mpigo kumbe kupo! Kuko kwenye kifurushi cha bei ya juu. Ile hadithi ya usalama imeyeyukia wapi?

Aliyeko Arusha au Moshi anayetumia mfumo unaopokea orodha kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, kama la kutoka Excel), aje PM hata usiku. Wale wa "ajiri kijana akutikie", tafuteni uzi mwingine.