Tupeane uzoefu: spina na kava ya injini kupishana kwenye ndege uliyojijengea

Mwanzisha mada, Ohio (Marekani)

Ndugu zangu mnaojijengea ndege, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalonisumbua. Ndege yangu ni RV-7, ndege ndogo ya kujijengea, yenye injini ya Lycoming O-360. Siku iliporuka mara ya kwanza, mwanya kati ya ukingo wa nyuma wa spina (kofia yenye ncha inayofunika kitovu cha propela) na mdomo wa kava inayofunika injini ulikuwa milimita 6 kuzunguka pande zote, na ukipitisha kidole kutoka kwenye spina kwenda kwenye kava hakikwami popote. Leo, baada ya saa 70 za kuruka, upande wa juu kava imepanda kuliko spina kwa takriban milimita 3, na upande wa chini spina ndiyo inayochungulia nje. Mwanya wa chini nao umepungua, ingawa hakuna kinachogusana bado. Nimeshashika msasa mara mbili nikitaka kuupunguza mdomo wa kava, na mara zote mbili nimeurudisha kabatini. Tafadhali kila aliyepitia haya aeleze alikuta nini na alirekebisha vipi, hata kama alianza kwa kukosea.

Mchangiaji, Ontario (Kanada)

Ndugu, msasa uache huko huko kabatini. Kava yako haijapanda. Injini ndiyo iliyolala. Injini hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 115 bila propela, na yote imening'inia kwa bolti nne zilizo nyuma yake, kila moja ikiwa imepita katikati ya raba mbili. Katika saa za mwanzo raba hukandamizika na kukaa, na kwa kuwa uzito wote uko mbele ya bolti, pua ya injini huinama. Ndiyo maana mwanya wako wa chini umepungua: injini ikiinama, ukingo wa chini wa spina hurudi nyuma na wa juu husogea mbele. Wajenzi wazoefu hulijua hilo, na wanapoipima kava kwa mara ya kwanza huiacha spina ikiwa juu kidogo kwa makusudi.

Mimi nililipata tatizo hilo nikiwa na saa 40 tu, mapema mno, nikashangaa. Nilipofungua nikakuta kosa ni langu. Raba mbili za kila bolti hazikuwa na ugumu sawa, na mpangilio wa bolti za juu ni kinyume cha mpangilio wa bolti za chini. Mimi nilizifunga zote nne kwa namna moja, jioni, nikiwa nimechoka na mchoro wa mtengenezaji ukiwa umefunikwa na taulo mezani. Hakikisheni hilo kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Raba zikiwa sahihi na injini bado imeinama, dawa ni wosha pana kwenye bolti mbili za chini, kati ya raba na sikio la injini, yaani pale bolti inapoingia kwenye injini. Sehemu ya chini ya injini husogezwa mbele, na pua huinuka. Msishangae wosha ya milimita 1 ikiinua pua kwa milimita 2 au 3, kwa sababu spina iko mbali na bolti kuliko bolti za juu zilivyo mbali na za chini. Injini ishikiliwe kwa winchi muda wote, bolti ifunguliwe moja baada ya nyingine, nati zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji na pini ziwe mpya. Mkishamaliza, kagueni bomba la moshi, boksi la hewa ya kabureta na nyaya zote za kuendeshea injini, kwa maana vitu hivyo vyote vimehama pamoja na injini.

Mchangiaji, Texas (Marekani)

Nakubaliana na ndugu wa Ontario, lakini naomba nitahadharishe. Mimi niliituhumu injini bure. Niliongeza wosha, nikaipunguza kava kwa siku mbili, na kesho yake mpishano ukaonekana upande mwingine kabisa. Kumbe spina yenyewe ilikuwa inayumba.

Kipimo ni hiki. Zima magneto (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za plagi), toa ufunguo, ondoa plagi moja katika kila silinda, na hata hivyo iheshimu propela kana kwamba itawaka. Weka alama ya utepe mahali kasoro ilipo, kisha izungushe propela nusu mzunguko. Kasoro ikihama pamoja na spina, tatizo ni la spina. Ikibaki pale pale, tatizo ni la injini au la kava. Nilisimamisha kigoda mbele ya ndege, nikafunga penseli ikielekea nchani mwa spina bila kugusa, na nilipozungusha nikaona ncha inachora duara lenye upana wa milimita 4 hivi. Matundu ya skrubu niliyatoboa siku ambayo spina haikuwa katikati. Nilinunua ganda jipya. Kulitoboa upya lile la zamani kungeacha matundu yaliyopanuka, na kitu kinachozunguka mara 2,700 kwa dakika mbele ya uso wangu sikitaki kiwe na viraka.

Mchangiaji, Uingereza

Kwangu injini ni Rotax 912, na visa ni vingine. Ndege ikiwa imesimama kila kitu kinalingana, lakini injini inapozimwa hutikisika kwa nguvu kabla ya kusimama, na hapo ndipo spina ilipokuwa ikigusa kava. Nilibandika vipande vidogo vya udongo wa kuchezea wa watoto kwenye mdomo wa kava, nikawasha na kuzima mara tatu. Upande wa juu kulia udongo ulikuwa umekatwa kama kwa kisu. Nikaupanua mwanya hadi milimita 10, na mkaguzi wangu akauandika kwenye kumbukumbu za ndege. Mwenye Rotax asiizungushe propela kinyume mizunguko mingi wakati wa kupima, maana hewa inaweza kuingia kwenye mfumo wa oili.

Mchangiaji, Ontario (Kanada)

Kwa ambaye propela yake haijafika: kata duara la plaiwudi lenye kipenyo cha spina, lifunge kwenye krankshafti (mhimili wa injini unaobeba propela) kwa spesa itakayoliweka pale pale ukingo wa nyuma wa spina utakapokaa, na uipime kava kwa hilo. Urefu wa spesa uthibitishe kwa muuza propela, usikadirie.

Mwanzisha mada, Ohio (Marekani)

Nashukuru sana. Jumamosi nilifanya kipimo cha nusu mzunguko, na kasoro ikabaki pale pale. Raba nilikuta zimefungwa sawasawa, ila zimelala. Wosha moja ya milimita 1 kwa kila bolti ya chini imeirudisha spina, na nikaona mpishano uliobaki haufiki milimita moja. Bomba la moshi la kushoto, hata hivyo, sasa liko karibu mno na kava, na kazi yangu ya Jumamosi ijayo ni hiyo.