Naombeni ushauri: wanafunzi niwapeleke Kitonga au wapande treni Makambako–Mlimba?

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Makambako. Shule imepata fedha za safari moja tu kwa kidato cha tatu, na nataka waone jinsi njia zilivyopasuliwa milimani kuja Nyanda za Juu Kusini. Mwenzangu wa jiografia anasema twende kwa basi Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya kuja Iringa. Mimi moyo wangu uko kwenye reli ya TAZARA. Halafu kuna swali wanafunzi wanalirudia kila mara: kwa nini reli haikufuata barabara ikapita Iringa mjini? Naombeni mawazo.

Mtoto wa Mlimba
Mwalimu, panda treni. Reli nzima kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ni km 1,860 na ina mahandaki 22. Kati ya hayo, 18 yako hapohapo kati ya Mlimba na Makambako, kipande cha km 157 hivi. Hapo ndipo njia inaacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda. Waambie wakae macho kwenye daraja la mto Mpanga, nguzo zake zina urefu wa karibu mita 50. Ila hakikisha mnapita mchana! Usiku hamtaona kitu.

Dereva wa Tunduma
Hilo swali la wanafunzi lina jibu, na Kitonga ndiyo inalifundisha. Pale lori linapanda kwa gia ya chini yenye nguvu, taratibu, kona kwa kona, na linafika. Treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza mwinuko ukizidi, na behewa halikati kona kali. Kwa hiyo mhandisi wa reli anatafuta bonde refu apande polepole. Akikuta korongo anaweka daraja, akikuta mgongo wa mlima anautoboa. Ndiyo maana wakazungukia Kilombero.

Na usiwaache bila siasa yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru, Zambia ikabanwa: shaba yake ilikuwa inapita huko kusini. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli. China ikakubali mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, ikakabidhiwa 1976. Marekani nayo ikatoa fedha za barabara ya lami kwenda Zambia. Mahasimu wawili, kila mmoja na njia yake, na njia zenyewe zinakutana hapohapo kwenu Makambako. Somo lianzie stendi, mwalimu, kabla hata ya kukata tiketi.

Mama Neema
Mwalimu mwanangu, kabla ya safari waite wazee darasani. Baba yangu alikuwa kibarua wa handaki. Alikuwa akitueleza wanavyotoboa mwamba mashimo marefu membamba, wanashindilia baruti, watu wote wanarudi nyuma. Ukishalipuka wanasubiri vumbi litulie, ndipo wanaingia kuzoa kifusi na kukagua dari kwa mtaimbo, maana jiwe lililolegea ndilo lililokuwa likiua. Zege linafuata baadaye. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi huu, wengine wamezikwa Gongo la Mboto. Vijana wetu nao walikufa, nao watajwe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 leo amepita 70. Usichelewe.

Mwalimu_wa_Zamu
Shikamoo mama, na asante sana. Wakuu, mmenijengea somo zima. Wiki ijayo wazee, kisha treni. Kuna ubaya tukishuka njiani tukalitazama handaki kwa karibu?

Mtoto wa Mlimba
Hapana mwalimu, usithubutu. Mle ndani treni ikija hakuna pa kukimbilia, na njia ya reli si ya kutembelea bila kibali. Shukeni stesheni tu. Nenda mapema kwa mkuu wa stesheni, mpe idadi yenu, na umuulize treni ipi inapita milimani mchana na ya kurudi ni siku gani. Ratiba hubadilika, msije mkalala Mlimba na watoto bila kujipanga. Na wabebe sweta za kurudia, huko chini ni joto tupu.

Mwalimu_wa_Zamu
Nimekuelewa mkuu. Kesho asubuhi naenda stesheni.