Je, mwanafunzi wa Kihadzabe aruhusiwe kuacha masomo aende kuwinda?

Mwalimu Mgeni (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo chuo cha ualimu hakikuniandaa kulikabili. Tangu Januari ninafundisha katika shule ya msingi yenye bweni iliyo karibu na Ziwa Eyasi (jina la shule naomba nisilitaje), na karibu nusu ya wanafunzi wangu wa darasa la tano ni Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini. Mwishoni mwa mwezi wa nane wavulana watatu hawakuonekana mstarini asubuhi. Hapakuwa na ugomvi wala adhabu iliyotangulia. Sare zao walizikunja vizuri na kuziacha juu ya vitanda, kama mtu anayeaga kwa adabu, kisha wakaondoka usiku. Walirudi baada ya siku 12 za masomo wakiwa wamenawiri kuliko walivyoondoka, na nilipowauliza walikokuwa, mmoja alinijibu bila woga kwamba walikwenda kambini kwa sababu huu ndio wakati wa kuwinda.

Mwalimu wa zamu alitaka waandikwe watoro na wazazi waitwe kwa mtendaji wa kijiji, nami nikamwomba tusubiri kwanza. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo siku 12 ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya mwaka mzima, na kwa bahati mbaya ndizo siku nilizofundisha kujumlisha sehemu, mada ambayo mpaka leo hawajaishika. Lakini mmoja wao, ambaye darasani humsikii akisema neno, alirudi akawachorea wenzake mchangani nyayo za wanyama saba, akawaeleza yupi alipita alfajiri na yupi alipita jana yake, na kwa nini wa tatu alikuwa akichechemea. Katika taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi sikupata mahali pa kuliandika jambo hilo.

Swali langu ni hili: je, ni sahihi shule iwape ruhusa rasmi ya siku chache za kwenda kuwinda, kama inavyotoa ruhusa ya msiba au ugonjwa? Au nikifanya hivyo nitakuwa ninashiriki kuwanyima elimu watoto ambao tayari wako nyuma?

Chaki Mkongwe

Mwalimu mwenzangu, nimestaafu sasa, lakini nilifundisha katika ukanda huohuo kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni hapana. Usitoe ruhusa hiyo.

Sisemi hivyo kwa kudharau uwindaji. Ninasema hivyo kwa sababu nimeona ruhusa ya siku tano inavyogeuka kuwa mwezi mmoja, na mwezi mmoja unavyogeuka kuwa jina lililofutwa kwenye daftari la mahudhurio. Leo mtoto huyo yuko darasa la tano na hasara yake ni mada moja ya hisabati. Baada ya miaka miwili atakuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, wakati uleule pori linapokauka na wanyama wanapokusanyika kwenye maji machache yaliyobaki. Ukishamzoesha kwamba kiangazi ni chake, utampa sababu gani mwaka huo?

Liko pia suala la ardhi, ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki za kimila za ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, baada ya miaka mingi ya kuona wafugaji wakiingiza ng'ombe na wakulima wakisafisha mashamba katika mapori yao ya kuwindia. Hatimiliki hizo ni karatasi. Zina ramani, zina mipaka, na mapato ya hewa ukaa, yaani fedha zinazolipwa kwa kuihifadhi misitu hiyo, yana mikataba na mahesabu yake. Siku mgogoro wa mpaka utakapofika mezani, atakayeusimamia ni yule anayeweza kusoma ramani na muhtasari wa kikao, hata kama kwa upinde ni wa mwisho kambini. Wazazi wenyewe waliniambia hivyo, tena kwa ukali, walipokuja kuwarudisha watoto wao.

Nakiri jambo moja, hata kama linapunguza nguvu ya hoja yangu. Katika miaka yangu pale, utoro uliongezeka kila ghala la shule lilipobaki na mahindi matupu. Wanyama wawe wengi au wachache porini, haikubadilisha kitu. Kwa hiyo kabla hujafikiria ruhusa ya uwindaji, mwulize mwalimu wa chakula ni nini kilichopikwa wiki ile walipoondoka.

Msoma Sheria

Nitachangia kwa ufupi upande wa sheria. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikia umri wa shule anaandikishwa na kuhudhuria hadi amalize elimu ya msingi, na haikuweka msamaha kwa kabila lolote. Hata hivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 30 kwamba mtoto wa jamii ya asili au ya walio wachache asinyimwe haki ya kufurahia utamaduni wake na kutumia lugha yake pamoja na wenzake. Ukizisoma zote pamoja utaona kwamba kumwita mzazi mbele ya mtendaji kwa siku 12 si lazima kuwe hatua ya kwanza, lakini pia hutapata kifungu cha kukukinga ikiwa mtoto ataondoka kwa ruhusa yako na asirudi. Kwa hiyo ukitoa ruhusa, iandike, na kamati ya shule iiridhie.

Mtoto wa Kambini

Nimesoma michango yote kwa makini, kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wa watoto hao. Nilizaliwa kambini, nikapelekwa bweni nikiwa na miaka minane, nikatoroka mara nne, na leo ninaishi kwa kazi ya kalamu. Naomba nirekebishe mambo machache.

Kwanza, neno "kuwinda" linawapotosha. Mvulana wa darasa la tano haendi kulala usiku kando ya maji akimsubiri pundamilia. Hiyo ni kazi ya wanaume watu wazima, na ni ya hatari, kwa sababu simba naye hunywa maji palepale. Mvulana wa umri huo anawinda ndege, pimbi, akibahatika digidigi, na muda mwingi yuko na wenzake karibu na kambi, wakilengana shabaha, wakila matunda na kufuatilia nyuki. Upinde wake wa kwanza alipewa akiwa bado anajikwaa, pengine na miaka mitatu. Hakuna mzee anayemkalisha chini na kumfundisha. Anajifunza kwa mtoto aliyemzidi miaka miwili au mitatu, naye huyo alijifunza hivyohivyo.

Pili, wanaodai kwamba bweni linaua ujuzi wa porini wanapaswa kujua kwamba jambo hilo lilikwisha kupimwa. Watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha mwaka 2002 matokeo ya majaribio waliyofanya kwa Wahadzabe wenyewe: kulenga shabaha kwa upinde, kuchimba mizizi na kukwea mbuyu. Waliokuwa wamekosa miaka ya kukaa porini kwa sababu ya shule ya bweni hawakuonekana kuwa dhaifu kuliko wenzao katika kulenga wala katika kuchimba. Mzee wetu Chaki Mkongwe angeweza kuutumia utafiti huo kutetea hoja yake, nami nisingeukataa.

Lakini shabaha haikimbii. Hainusi upepo. Mtu aliyelenga vizuri ana kazi ya kufuata damu kwa saa nyingi, pengine mpaka kesho yake, huku sumu ya mshale ikifanya kazi, na hapo ndipo mimi niliyesoma huwa ninarudi nyuma na kumwachia binamu yangu aongoze. Tena majaribio yale yalimpima mtu mmojammoja. Mimi ninaitazama kambi nzima: mkiwachukua watoto wote wa miaka minane hadi kumi na minne na kuwaweka bweni kwa miezi tisa, yule wa miaka mitano aliyebaki kambini atamwangalia nani? Sisi tulikuwa vitabu vyao, na tulikuwa tumeazimwa na shule.

Kuna pia jambo la watalii, nalo linanikera. Kando ya Mang'ola wageni hufika alfajiri kwa magari kutoka Karatu, na vijana huwaongoza porini kwa saa chache, wageni wakapiga picha, pesa zikatolewa. Siwalaumu vijana hao, kwa maana wanahitaji kula. Lakini mwanafunzi akikwambia alikwenda kuwinda, Mwalimu, mwulize aliwinda na nani. Akisema na wageni, hiyo ni ajira ya mtoto, na mimi mwenyewe nitakusaidia kumrudisha darasani.

Mwisho, nilipotoroka mara ya kwanza sikufuata nyama. Nilikuwa nimekaa wiki sita bila mtu wa kuzungumza naye Kihadzabe baada ya kengele ya kulala, kwa sababu mwalimu wa bweni alikataza lugha za nyumbani. Niliporudi kambini nililala tu, nikisikiliza watu wakiongea.

Mchimba Mizizi

Ajabu ni kwamba tumefika mbali hivi na hakuna aliyemtaja msichana hata mmoja. Mwalimu Mgeni, wavulana wako watatu waliondoka. Wasichana wa Kihadzabe katika darasa hilohilo wako wapi, na wao wana ruhusa ya nini? Mama zao wanachimba mizizi karibu kila siku, wanachuma matunda, wanatwanga ubuyu, na chakula hicho ndicho kinachopatikana kwa uhakika. Watafiti waliofuatana na wawindaji miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwindaji mmoja humpata mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30. Kwa hesabu hiyo, siku zenu 12 hazitoshi hata nusu ya mnyama, ilhali mtoto wa kike angekuwa amejaza kikapu kila jioni.

Sisemi uwindaji hauna maana. Ninachosema ni kwamba shule ikiandika ruhusa ya "kuwinda" itakuwa imewapa wavulana likizo na kuwaachia wasichana zamu ya kufagia bweni. Kama ruhusa itakuwepo, iwe ya kwenda kambini, kwa wote.

Mwalimu Mgeni

Nawashukuru wote. Nimefanya kama Mzee Chaki Mkongwe alivyoelekeza, na jibu nililopata limeniaibisha: wiki ile maharage yalikuwa yamekwisha kwa siku tisa, na sisi walimu hatukugundua kwa sababu tunapika kwetu. Kuhusu wasichana, dada Mchimba Mizizi, ninao wanne. Nilipowauliza kama wangependa kwenda kambini, watatu walisema ndiyo papo hapo, na wa nne akaniuliza kama akienda nitamhifadhia daftari lake.

Kalenda ya masomo ni ya taifa, siwezi kuisogeza. Ninafikiria kupeleka kwenye kamati ya shule ombi la siku tano katika kiangazi, kwa wavulana na wasichana wa Kihadzabe wa darasa la tano pekee, zikiunganishwa na mwisho wa wiki pande zote mbili ili ziwe tisa. Darasa la nne na la saba wasiguswe, kwa sababu ya mitihani. Mtoto wa Kambini, je, siku hizo zina maana yoyote kwenu, au ni kuwachezea tu?

Mtoto wa Kambini

Zina maana ikiwa utauliza kwanza kambi iko wapi. Sisi huhama. Mwaka mmoja nilipewa ruhusa ya siku nne, nikatembea mbili, nikakuta majivu ya moto na vibanda vitupu. Na darasa la nne usiwasahau kabisa. Wapewe zao mwezi wa saba, kabla pilikapilika za upimaji hazijaanza.

Chaki Mkongwe

Bado siipendi, lakini siku tano zenye tarehe ni afadhali kuliko 12 zisizo na tarehe. Mzazi aje mwenyewe kumchukua mtoto, na siku ya kurudi aitaje yeye mbele ya kamati, aweke dole gumba. Wale watatu nao wakalishe alasiri hizi uwamalizie zile sehemu, kabla hujafungua mada mpya.

Mwalimu Mgeni

Tumeanza jana. Yule wa nyayo nilimpa mfano wa kugawana pimbi mmoja kwa watu sita, akacheka sana, akaniambia pimbi hagawanywi, huliwa palepale na aliyempata. Nimebadilisha mfano, nikatumia pundamilia.